Dawa za Misuli Zaingia katika Safu za Askari wa Makamo

Tangu tarehe 1 Novemba 2023, makomando wa Jeshi la Majini la Marekani, wale wanaojulikana duniani kwa jina la SEAL, wamewekewa utaratibu wa kuitwa kwa kushtukizwa na kupimwa mkojo ili ijulikane kama wanatumia dawa za kujenga misuli. Kabla ya amri hiyo, vipimo vya kawaida vya askari wa Marekani vilitafuta bangi, kokeini, afyuni na mengineyo ya jamii hiyo. Dawa za misuli hazikutafutwa isipokuwa kamanda awe na sababu ya kumshuku mtu fulani na kuomba kipimo maalumu. Mambo yalibadilika baada ya kijana mmoja kufa mwezi Februari 2022, muda mfupi tu baada ya kumaliza juma lililo gumu kupita yote katika mafunzo ya makomando hao. Kilichomuua ni homa ya mapafu, lakini uchunguzi uliofuata uligundua kwamba dawa za misuli zilikuwa zimezagaa miongoni mwa wanafunzi wa kozi hiyo.

Kwa kuwa marehemu alikuwa na umri wa miaka 24, habari hiyo ilisomwa na wengi kana kwamba ni maradhi ya vijana peke yao. Makala haya yanakusudia kuutazama upande wa pili, ambao hauzungumzwi sana katika mabweni na mesi zetu. Katika nchi zilizoendelea, mtumiaji wa dawa hizi leo ni pia sajini wa miaka 45, inspekta wa miaka 50, na afisa anayehesabu miezi ya kustaafu. Naye huingia kwa mlango mwingine kabisa. Kijana hutafuta misuli ambayo hajapata kuwa nayo, lakini mtu wa makamo hutaka kurudishiwa kile anachodhani amenyang'anywa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mkuu wa kikosi na kwa daktari wa kikosi, kwani mtu wa pili haoni hata kidogo kwamba anatumia dawa za kulevya. Anaona anajitibu.

Dawa zenyewe ni nini? Korodani za mwanamume hutengeneza homoni iitwayo testosteroni. Homoni hiyo ndiyo inayootesha ndevu, kuitia sauti uzito, kujenga misuli na mifupa, na kuchochea hamu ya unyumba. Dawa tunazozizungumzia ni testosteroni hiyo hiyo iliyotengenezwa kiwandani, au ndugu zake waliobadilishwa kidogo na wanakemia, kama vile nandroloni, stanozololi na metandienoni. Kwa pamoja huitwa steroidi za kujenga mwili. Zisichanganywe na steroidi za namna nyingine, kama prednisoloni, ambazo daktari humpa mgonjwa wa pumu au wa baridi yabisi. Hizo hazijengi misuli. Zikitumiwa kwa muda mrefu huidhoofisha.

Tamaa ya kuurudisha ujana kwa njia ya korodani haikuanza jana. Tarehe 1 Juni 1889, mwanazuoni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius katika Bahari ya Hindi, alisimama mbele ya wataalamu wenzake mjini Paris akiwa na miaka 72, akatangaza kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wadogo wa maabara, na kwamba nguvu zake zimemrudia hata anapanda ngazi kwa mbio. Alifariki mwaka 1894. Wataalamu wa baadaye walionyesha kuwa maji yale hayakuweza kuwa na homoni ya kutosha kufanya kazi yoyote mwilini, hivyo nguvu alizozisikia zilitoka katika imani yake. Katika miaka ya 1920, daktari mwingine wa Paris, Serge Voronoff, alijipatia utajiri kwa kupandikiza vipande vya korodani za sokwe na nyani katika miili ya wazee wenye fedha. Sokwe hao walitolewa Afrika, kama vilivyotolewa vitu vingine vingi enzi hizo.

Mwaka 1935 testosteroni halisi ilipatikana kutoka korodani za fahali mjini Amsterdam, na mwaka huo huo wanakemia Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka wakafaulu kuitengeneza, kila mmoja kwa njia yake. Kazi yao iliwaletea Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939. Wako wanaosimulia kwamba Ujerumani ya Hitler iliwadunga askari wake homoni hiyo ili wapigane kama simba. Hadithi hiyo inapendwa sana lakini haina hati inayoithibitisha. Kilicho na hati ni kitu kingine: vidonge vya Pervitin, vya kuondoa usingizi, ambavyo jeshi la Ujerumani liligawiwa kwa mamilioni mwaka 1940 wakati wa kuivamia Ufaransa.

Baada ya vita, dawa za misuli ziliingia katika ushindani wa madola makubwa viwanjani. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilitoa Marekani vidonge vya metandienoni kwa jina la Dianabol, na wanyanyua vyuma wa nchi hiyo wakavipata kupitia daktari wao, John Ziegler, aliyekuwa amewaona Warusi wakitumia homoni. Ujerumani ya Mashariki iliufanya mpango huo kuwa wa dola kwa siri tangu mwaka 1974, na wakuu wake wawili wa michezo, Manfred Ewald na Manfred Höppner, walihukumiwa mjini Berlin mwaka 2000 kwa kuwadhuru wanamichezo, wengi wao wasichana. Michezo ya Olimpiki ilianza kuzipima dawa hizi Montreal mwaka 1976. Kisha akaja Ben Johnson wa Kanada, aliyenyang'anywa medali ya dhahabu ya mita 100 mjini Seoul mwaka 1988 kwa sababu ya stanozololi. Habari hizo wasomaji wengi wanazijua, wala hatuna haja ya kuzirefusha.

Lisilojulikana sana ni lililotokea nje ya viwanja. Katika miaka ya 1980 dawa hizo zilitoka kwa mabingwa zikaenda kwa watu wa kawaida katika vyumba vya kunyanyulia vyuma vya Marekani na Ulaya: walinzi wa milangoni, askari polisi, wazima moto, wanajeshi walio likizoni. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1985 alitimiza miaka 60 mwaka 2020. Kizazi cha kwanza kilichotumia dawa za misuli kwa wingi bila kuwa wanamichezo wa mashindano sasa kimezeeka, na kwa mara ya kwanza madaktari wanaweza kuona matokeo ya miaka 10, 20 na 30.

Matokeo hayo hayapendezi. Mwaka 2017 mabingwa wa moyo wa Boston walitoa taarifa juu ya wanaume 140 wanyanyua vyuma wenye umri kati ya miaka 34 na 54. Wanaume 86 kati yao walikuwa wametumia dawa za misuli kwa muda mrefu, na 54 hawakuwa wametumia kamwe. Wote walikuwa watu wa mazoezi, wenye miili ya kuvutia macho. Moyo wa wale wasiotumia, kwa kila pigo, ulisukuma nje kwa wastani asilimia 63 ya damu iliyomo katika chumba chake cha kushoto. Moyo wa watumiaji ulisukuma asilimia 52. Aidha, mishipa inayoulisha moyo ilikuwa imezibwa zaidi na mafuta kwa watumiaji, na kadiri mtu alivyozitumia kwa miaka mingi ndivyo utando huo ulivyozidi. Wale walioacha walionekana kuwa na nafuu katika msukumo wa moyo. Utando wa mishipani haukuonyesha huruma hiyo.

Nchini Denmark, ambako wakaguzi huingia katika vyumba vya mazoezi na kupima watu, wataalamu waliwafuatilia wanaume 1,189 waliokutwa na dawa hizi, wakawalinganisha na raia wengine wa rika lao. Taarifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba idadi ya vifo kati ya watumiaji ilikuwa karibu mara 3 ya wenzao. Izingatiwe kwamba wengi wao walikuwa bado vijana walipokutwa.

Sababu zake si fumbo. Homoni ikizidi, mwili huongeza chembe nyekundu za damu, damu ikawa nzito na kuelekea kuganda. Lehemu nzuri, inayosafisha mishipa, hupungua. Misuli ya moyo nayo hunenepa kama misuli ya mkono, lakini moyo ulionenepa si moyo uliopata nguvu. Hukakamaa, ukashindwa kujaa damu vizuri na baadaye kushindwa kuisukuma. Dawa za vidonge hulichosha ini. Kano zinazoshika misuli kwenye mifupa hazikui kwa kasi ya misuli, hivyo mtu wa miaka 48 anaweza kujikuta amekatika kano la bega kwa kuinua sanduku la risasi ambalo mwaka uliopita aliliinua bila taabu. Kijana mwenye mishipa safi huweza kuyabeba hayo kwa miaka kabla hayajamwangusha. Mtu wa makamo mwenye shinikizo la damu, aliyevuta sigara tangu kuruta, hana akiba hiyo.

Sasa tuuangalie ule mlango wake wa kuingilia. Ni kweli kwamba testosteroni hupungua polepole kadiri mwanamume anavyokua, takriban asilimia 1 kwa mwaka baada ya ujana kupita. Huo ni mwendo wa maumbile, kama mvi. Wafanyabiashara wa dawa nchini Marekani waliupa mwendo huo jina la ugonjwa, wakautangaza katika televisheni kwa maswali ambayo hakuna mwanamume wa miaka 50 awezaye kuyajibu kwa furaha: Je, unachoka baada ya chakula? Je, huchezi mpira kama zamani? Mwaka 2001, katika kila wanaume 1,000 wa Marekani waliozidi miaka 40, kiasi cha 8 tu walikuwa wameandikiwa homoni hiyo na daktari. Mwaka 2011 walikuwa 29. Wengi wa hao walioongezeka hawakuwa na ugonjwa wa korodani wala wa tezi ya ubongoni; walikuwa na umri.

Picha za sinema zilisaidia. Mwaka 2007 mwigizaji Sylvester Stallone, aliyewatia askari wa mataifa mengi taswira ya Rambo vichwani, alikutwa na maofisa wa forodha mjini Sydney, Australia, akiwa na chupa 48 za homoni ya kukuza mwili, na baadaye testosteroni pia ikaonekana miongoni mwa vitu vyake. Alikuwa na miaka 60. Alikiri makosa mahakamani akatozwa faini. Homoni ya kukuza si steroidi, lakini huuzwa katika kapu moja na kwa ahadi moja. Kile kifua tulichokuwa tukikiona kwenye kitambaa cheupe, basi, hakikuwa kazi ya mazoezi peke yake.

Mwezi Machi 2015 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliwaamuru watengenezaji waandike wazi kwamba homoni hiyo haijathibitishwa kuwa salama wala ya manufaa kwa mtu aliyepungukiwa kwa sababu ya umri tu, na waonye juu ya shambulio la moyo na kiharusi. Ulifuata uchunguzi mkubwa, uliotangazwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 45 hadi 80, ambao testosteroni yao ilikuwa imepungua kwa kipimo na ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au dalili zake. Waliopewa homoni ya kujipaka, kwa kiasi kilichopimwa na kusimamiwa, hawakupatwa na mashambulio ya moyo kuliko waliopewa dawa bandia. Kwa hiyo mwaka 2025 onyo la shambulio la moyo na kiharusi lililegezwa, na onyo la kupanda kwa shinikizo la damu likatiliwa mkazo.

Wauzaji wameushika uchunguzi huo kama ngao. Wanachokiacha ni kwamba katika watu wale wale waliopewa homoni, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kudhurika kwa figo na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi. Wanaacha pia kwamba kiasi kilichotumika kilikuwa cha kumrudisha mgonjwa kwenye kiwango cha kawaida. Anayejidunga kwa ajili ya misuli hutumia mara 5, mara 10, pengine zaidi ya hapo, huku akichanganya dawa mbili au tatu. Kulinganisha hali hizo mbili ni sawa na kulinganisha glasi ya maji na mafuriko.

Mkasa unaowahusu moja kwa moja wasomaji wa ukurasa huu ulitokea katika jimbo la New Jersey. Mwezi Disemba 2010 gazeti la Star-Ledger la jimbo hilo lilifichua kwamba daktari mmoja wa Jersey City, aliyekwisha kufa mwaka 2007, alikuwa amewaandikia dawa za misuli na homoni ya kukuza askari polisi, askari magereza na wazima moto wasiopungua 248, kutoka idara 53. Hawa hawakuzinunua gizani. Walikuwa na vyeti vya daktari vilivyosema wamepungukiwa homoni, na mara nyingi gharama ililipwa na bima ya serikali, yaani na mlipa kodi. Mtu anaweza kuuliza inawezekanaje mamia ya askari walio kazini, wenye vifua kama milango, wote wawe wagonjwa wa korodani kwa wakati mmoja. Swali hilo halikuulizwa na mtu kwa miaka.

Mkuu wa polisi wa Jersey City, jina la baadhi ya askari wake lilipojitokeza katika uchunguzi wa awali, aliwaondolea silaha, akawapa kazi za ofisini, na kuamuru wapimwe kuona kama kiwango cha homoni mwilini mwao kimezidi cha kawaida. Askari walikwenda mahakamani wakidai wameingiliwa katika siri za matibabu yao. Mahakama za serikali kuu ziliupa ushindi upande wa mji, na rufani ikaamuliwa hivyo mwaka 2011. Hoja iliyoshinda inafaa kufahamika na kila kamanda: mtu anayepewa bunduki na dola ana haki ndogo zaidi ya kuficha kinachoweza kuathiri akili yake kazini kuliko raia asiye na bunduki.

Je, huathiri akili? Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa maana yamesemwa mengi ya kutisha bila kipimo. Katika jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2000, wanaume wenye umri wa miaka 20 hadi 50 walipewa testosteroni hadi miligramu 600 kwa wiki bila kujua ni wakati gani wanapewa dawa na wakati gani wanapewa bandia. Kati ya 50 waliomaliza, 42 hawakubadilika sana. Sita walibadilika kidogo, na 2 walipandwa na wazimu wa majivuno na hasira kwa kiwango cha kuonekana wazi. Mtu anaweza kusema 2 katika 50 ni wachache. Afisa anayehesabu kombania yenye watu 100 atasema ni wanne, kila mmoja na bunduki yake, na hakuna ajuaye mapema ni wanne gani. Kadhalika, wakati wa hatari zaidi kwa moyo wa mtu, nikimaanisha roho yake, huweza kuwa pale anapoacha ghafula: homoni ya nje imekwisha, ya ndani imelala, na mtu hubaki miezi kadhaa katika huzuni nzito isiyo na jina. Mtu huyo naye ana bunduki.

Kulala huko kwa homoni ya ndani kunahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiko kunakoficha kinyume kikubwa cha biashara hii. Ubongo hupima homoni iliyomo katika damu kama bohari anavyohesabu shehena. Ukiona imejaa, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Korodani husinyaa, na mbegu za uzazi hukoma. Si kubahatisha: Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni, miligramu 200 kila wiki, kama dawa ya uzazi wa majira kwa wanaume, na katika taarifa yake ya mwaka 1990 zaidi ya nusu ya waliodungwa walikuwa hawana hata mbegu moja ndani ya miezi sita. Wale wa Shirika waliporuhusiwa kuacha walirudia hali yao. Aliyejidunga kiasi kikubwa kwa miaka huenda akasubiri sana, na wapo wasiorudi. Mwanamume anayeoa tena akiwa na miaka 50, akanunua sindano ili mke mpya asimwone mzee, na akatarajia mtoto, ananunua dawa ya kuzuia mtoto.

Hapa kwetu Afrika Mashariki hatujafikia kiasi cha New Jersey, wala haifai kujidanganya kwamba tuko mbali. Tamaa ya nguvu za kiume tunayo tangu zamani. Mizizi ya mulondo hutafunwa Uganda, na Wakenya wanaiita mukombero. Kutafuna mzizi hakujamfunga mtu moyo. Hatari imo katika vile vinavyouzwa kwa kuigiza mzizi. Mwaka 2019 kinywaji kimoja cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Zambia na kuuzwa hata Uganda kilipigwa marufuku nchini humo baada ya vipimo kuonyesha kwamba ndani yake mlitiwa sildenafili kwa siri, dawa ambayo mgonjwa wa moyo anayemeza vidonge vya naitreti inaweza kumwangusha papo hapo. Sildenafili si dawa ya misuli. Lakini anayeweza kuificha hiyo katika chupa ya soda haoni shida kuificha nyingine katika kopo la unga wa protini.

Katika riadha, dawa zenyewe zimekwisha kupiga hodi. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni lilieleza mwezi Septemba 2018 kwamba wanariadha 138 wa Kenya walikuwa wamekutwa na dawa zilizokatazwa tangu mwaka 2004, na kwamba nandroloni ndiyo iliyoongoza. Wakimbiaji wengi wa Kenya, kama wa Uganda, huajiriwa na polisi, magereza na majeshi. Dawa inayofika kwa mkimbiaji wa kikosi haishindwi kufika kwa koplo wa kikosi hicho, na sindano ikishafika, iko hatari ambayo Mmarekani haifikirii sana na sisi hatuna ruhusa ya kuisahau: sindano moja watu wawili. Tulikwisha kuwazika wengi kwa virusi vya ukimwi.

Sheria za nchi hazilingani. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990, ilizitia dawa za misuli katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa pamoja na za kulevya. Uingereza iliziwekea adhabu ya kuuza mwaka 1996, lakini aliye nazo kwa matumizi yake mwenyewe hashtakiwi. Sweden huadhibu hata kuzitumia. Kwa maoni yangu, jeshi linaloanza na adhabu kwa mtumiaji wa makamo litavuna kuficha, na anayeficha huacha ghafula siku anaposikia vipimo vinakuja, akaingia katika ile huzuni iliyoelezwa juu bila daktari wa kumshika. Muuzaji ni habari nyingine.

Liko jambo moja ambalo askari hasa anapaswa kulijua kabla hajaamini kwamba uchovu wake ni ugonjwa wa homoni. Mapema katika miaka ya 1990 madaktari wa Jeshi la Marekani waliwapima vijana wenye afya kamili waliokuwa katika kozi ya Ranger, siku 62 za chakula kidogo, usingizi mdogo na mizigo mizito. Kufikia mwisho wa kozi, testosteroni ya vijana wale ilikuwa imeshuka karibu na ya mtu aliyehasiwa. Hakuna aliyewadunga kitu. Walilala, wakala, na baada ya muda mfupi homoni ikapanda yenyewe. Sajini wa miaka 47 anayelinda zamu za usiku kwa mfululizo, anayekula mlo mmoja, mwenye tumbo lililomtangulia, anayekoroma hata wenzake wahame chumba, na anayemeza tramadoli kwa ajili ya mgongo, ana sababu nne au tano za kuwa na homoni pungufu, na kila moja ina tiba yake isiyo sindano. Kupunguza tumbo peke yake huipandisha.

Wagonjwa wa kweli wapo, na baadhi yao ni askari kuliko watu wengine wote. Katika vita vya Iraki na Afghanistan, kati ya mwaka 2001 na 2013, wanajeshi wanaume 1,367 wa Marekani waliumizwa viungo vya uzazi na njia ya mkojo, wengi wao kwa mabomu yaliyotegwa njiani. Aliyepoteza korodani zote kwa mlipuko anahitaji homoni maisha yake yote kama mgonjwa wa sukari anavyohitaji insulini. Pigo la kichwa nalo huweza kuiharibu tezi ya ubongoni inayoziagiza korodani kazi, na dalili zake zikajitokeza miezi baada ya jeraha kupona. Watumbwi walioshuka korodanini huweza kuacha alama hiyo pia. Watu hao wasionewe haya, wala wasifananishwe na mnunuzi wa misuli.

Namna ya kuwatenganisha inajulikana. Damu huchukuliwa asubuhi, kabla ya chakula, kwa sababu homoni hupanda alfajiri na kushuka kadiri jua linavyopanda. Damu ya saa 10 jioni humfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Kipimo kimoja hakitoshi, hurudiwa siku nyingine. Zikiwa chini zote mbili, na mtu ana dalili, daktari huipima homoni ya ubongoni ili ajue kama hitilafu iko juu au chini, huchunguza tezi dume, maana homoni huichochea saratani iliyokwisha kuwapo, na huhesabu chembe nyekundu za damu kabla ya kuandika chochote na miezi michache baadaye. Mgonjwa akisema bado anataka mtoto, njia hubadilika kabisa. Kliniki inayotoa sindano siku ile ile, kwa kumsikiliza mtu tu, haijafanya hata jambo moja katika hayo.